Shangazi Aomba Kipimo

Kama hujawahi kugombezwa na lori, wewe bado hujasafiri. Mimi nimegombezwa Mariakani kwa kutia chumvi nyingi kwenye wali, nikagombezwa Isiolo kwa kulala na viatu, na asubuhi ile, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, nilikuwa nagombezwa kwa ajili ya nati moja.

"Gurudumu la nyuma, kushoto," Shangazi akasema kwa spika ya mlangoni. "Jana nilikwambia imelegea, Fundi. Ukasema sawa."

Nilisema sawa, kweli, kisha nikaenda zangu kunywa chai. Basi nikachukua spana nikaenda kuikaza huku nikinung'unika, naye akaniambia kwamba kunung'unika kwangu anakusikia pia.

Huyo ndiye Shangazi. Ni lori la magurudumu sita, kila gurudumu lanifika kifuani, na mgongoni amebeba nyumba. Nasema nyumba, si kontena lililotobolewa madirisha. Nimeijenga kwa mikono yangu hii, Mishi binti Ruwa, katika gereji yangu ya Jomvu, na anayetaka kubishana nami aje na yake tuzipeleke zote mbili kwenye mawe. Wengi wakijenga nyumba juu ya lori huifunga boliti kila pembe. Wakifika kwenye mashimo, fremu inajipinda, nyumba nayo inalazimishwa kujipinda, na kabla hawajafika Archer's Post ukuta una ufa wa kupitisha mkono. Mimi yangu niliikalisha juu ya maegemeo matatu yenye bawaba. Fremu chini inajinyonga itakavyo, na juu chai yako imetulia kikombeni. Matangi ya maji niliyalaza chini ya vitanda, katikati kabisa, Shangazi asije akayumba. Paani sola, sakafuni betri, ubavuni kompresa inayojaza na kupunguza upepo wa magurudumu gari likiwa linakwenda. Nyuma kuna mkono wa winchi wa kuinulia gurudumu la akiba, maana gurudumu lile limeshawashinda wanaume wanne. Na jikoni, ukutani, nimefunga mbuzi ya kukunia nazi. Daktari Naserian aliicheka ile mbuzi, akaniuliza jangwani kuna minazi mingapi. Siku alipokula samaki wa kupaka juu ya mawe ya Marsabit aliacha kucheka akaomba aongezwe.

Naserian ndiye aliyekuwa ametukodi. Ni Msamburu, mtafiti wa maji ya chini ya ardhi, mtu wa maneno machache ambaye huweza kukaa na wewe kutwa nzima na jioni ukamshukuru kwa mazungumzo. Safarini tulikuwa watu wawili, na Shangazi wa tatu.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze, la sivyo hutaelewa kwa nini siku ile nilitokwa na jasho. Zamani magari haya yalipoanza kupewa akili, watu waliyadanganya. Mzigo tani kumi wanasema tano. Daraja bovu wanasema zima. Gari linaamini, linapita, linaua. Ndipo ikawekwa sheria kwamba kila gari lenye akili liwe na mtu mmoja tu ambaye neno lake halihakikiwi. Wengine wote gari huwapima kwanza. Huyo mmoja humwamini moja kwa moja, kama unavyouamini mguu wako gizani. Kwa Shangazi mtu huyo ni mimi. Usiniulize kama nilikuwa najivuna. Nilikuwa najivuna.

Nati ilipokwisha kukazwa nikaona mtu anatoka kwenye jangwa.

Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, mvua ya ajabu ya nchi ile ambayo huja mara moja ikafanya kazi ya mwaka mzima. Chalbi ikikauka ni sakafu nyeupe ya chumvi, unaweza kuchezea mpira. Ikinyeshewa, juu inabaki ganda na chini uji. Mtu wa miguu anapita. Lori zito likipita lazima lisisimame wala kugeuza, kwa sababu likikata kona tu ganda linavunjika, na hapo ndipo utakapolipia kodi ya nyumba. Aliyekuja alikuwa mwanamke, shuka limelowa matope mpaka magotini, na alikuwa anakimbia kwa ile namna ya mtu aliyekwisha kuchoka kukimbia zamani lakini hajajipa ruhusa ya kuacha.

Tukampa maji. Alikunywa kidogo tu, akarudisha kikombe. Jina lake Qabale, Mgabra. Wanaume wa manyatta yake, kijiji cha wafugaji, walikuwa wanachimba kisima kipya kwenye kisiwa cha mchanga humo humo jangwani, mvua ikalainisha kingo, na alfajiri ile kingo zikaporomoka. Mumewe, Sora, alikuwa chini. Amefukiwa mpaka kifuani, anaongea. Kila wakichota mchanga kwa mikono, mwingine unashuka.

"Mama, nimeona gari yenu kutoka mbali," akaniambia. "Iko na kamba ya chuma. Bwana yangu ako hai. Twende."

Nikamuuliza ni umbali gani.

"Ni hapo tu," akasema.

Nikasikia mota za Shangazi, zilizokuwa zimeanza kuamka, zikilala tena.

Kosa hilo lilikuwa langu, na nitakueleza lilivyozaliwa. Katika nchi zetu hizi ukimuuliza mtu njia, hakuvunji moyo. Akikuona umechoka, hata kama umebakiwa na mwendo wa kutwa nzima, atanyoosha mdomo kuelekea huko na kukwambia ni hapo tu. Si uongo huo, ni adabu. Anakupa nguvu za kufika. Lakini mota hazili adabu. Safari yetu ya kwanza kabisa, Shangazi angali mchanga, tuliwahi kulala porini na betri tupu kwa ajili ya "hapo tu" ya mzee mmoja mwema sana. Kesho yake nikamkalisha Shangazi darasani. Nikamwambia, ukisikia neno hilo, haidhuru limesemwa na nani, weka kilomita thelathini. Nilicheka nilipokuwa namfundisha. Watu wa pwani tunapenda kuwacheka wa bara kwa mambo kama haya, na sisi wenyewe ukituuliza Likoni tutakuambia ni hapo tu.

"Kwenye uji huu mota zangu zinaweza kuvuta kilomita kumi na tano bila kupumzika," Shangazi akasema. "Zaidi ya hapo zitaungua, nitasimama, nitazama. Mama huyu amesema thelathini."

"Hajasema thelathini. Amesema hapo tu."

"Ndiyo. Thelathini."

Tukajaribu njia nyingine. Ramani za angani zilikuwa zinaonyesha wingu, wingu na wingu. Kisima kilikuwa kipya, hakimo popote. Kidege chetu cha kupelelezea kilikuwa kimekula vumbi tangu Maikona na mabawa yake yalikuwa mezani kwangu. Nikamuomba Shangazi twende tu, tukifika kikomo turudi. Akanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba juu ya ganda lile hakuna kurudi. Qabale tukamuuliza kwa kila namna. Alituambia umbali wa ngamia, umbali wa mbuzi, umbali wa mwanamke aliyebeba maji, na kila jibu Shangazi alilipokea kwa heshima na kulikataa, maana neno la Qabale si lile analoliamini bila kuhakiki. Qabale mwenyewe alianza kututazama kwa zamu, mimi na lori, kama mtu anayeona watu wazima wanacheza.

"Unajua umbali huo, Fundi?" Shangazi akauliza. "Nipe kipimo. Ukinipa wewe, tunaondoka sasa hivi."

Hapo ndipo jasho lilipoanza. Ningeweza kusema kumi. Ningeweza kusema kumi na mbili. Shangazi asingeuliza nimepata wapi. Ndiyo maana ya neno langu. Angewasha mota na kutuingiza kwenye uji kwa imani, na kama kisima kingekuwa kwenye kilomita ya ishirini, tungezama wote: Naserian, mimi, huyu mwanamke, na nyumba niliyoijenga kwa miaka. Na Sora angekufa vilevile.

Nikamwambia ukweli. Nikasema, sijui.

"Sijui si kipimo," akasema Shangazi. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anayesikitika.

Nikamvuta Naserian pembeni, upande wa jua, mbali na spika. Nilitaka aniambie niseme uongo, nisiubebe peke yangu. Hakuniambia. Aliangalia jangwa, akaniangalia.

"Kuzama siogopi sana," akasema. "Maji tunayo, chakula tunacho, watatutafuta. Lakini gari hili tunalala ndani yake, Mishi. Mawe yote yale tumepita kwa sababu linaamini mdomo wako. Ukishalidanganya mara moja, sijui tutakuwa tunalala ndani ya nini."

"Na mtu wa watu kule shimoni?"

"Ndiyo," akasema. "Na mtu wa watu."

Nilimchukia kwa hilo kwa dakika nzima.

Nikarudi. Qabale alikuwa amekaa chini kwenye kivuli cha gurudumu, kisha akaona aibu ya kukaa mumewe akiwa vile, akasimama. Nadhani ni kule kusimama kulikoniponza. Nikapanda kwenye usukani, nikafunga mkanda, nikasema kwa sauti niliyoitumia siku zote kwa mambo ya kweli:

"Kumi na mbili. Kipimo changu mwenyewe."

"Ahsante, Fundi," akasema Shangazi. "Neno lako linatosha."

Ningependelea anigombeze.

Basi tukaondoka, na hapa niacheni nimsifu kidogo, kwa sababu sijawahi kuona kitu kizuri kama Shangazi juu ya Chalbi iliyolowa. Alitoa upepo kwenye magurudumu yote sita mpaka yakalala mapana kama miguu ya ngamia. Alizima friji, akazima feni, akazima taa za ndani, kila tone la umeme akalipeleka kwenye mota. Alikuwa anagonga ardhi mbele yake kwa mawimbi madogo ya sauti, anasikiliza uzito wa ganda, na kwa unywele tu anajisogeza kulia au kushoto, hakati kona hata moja, anateleza. Matope yaliruka mpaka kwenye kioo. Chini yetu fremu ilikuwa inajinyonga, naisikia, na juu vikombe vya Naserian havikulia. Nilijenga mimi hiyo. Moyo wangu ulikuwa unadunda kwa hofu, na bado nikajikuta natabasamu kama mwendawazimu.

Qabale alikaa katikati yetu, mkono kwenye dashibodi, anatazama mbele. Mara akanyoosha kidole. Watu, weusi juu ya mchanga mweupe, wanapunga mashuka.

Nikatazama mita. Kilomita tisa.

Tisa. Hapo tu.

Nikaelewa papo hapo, na nikahisi uso unachomeka. Mwanamke aliyemwacha mumewe shimoni hana adabu ya kupoteza njiani. Alikuwa ametuambia kweli tupu tangu neno lake la kwanza. Ni mimi niliyelifundisha lori kutoliamini neno lile, kisha nikalidanganya ili kurekebisha kosa langu. Shangazi alipanda kwenye kisiwa, akasimama, hakusema lolote kuhusu tisa wala kumi na mbili. Kulikuwa na kazi.

Kisima kilikuwa kirefu na chembamba, na sauti ya Sora ilikuwa inatoka humo ikiwa nyembamba pia. Wanaume walikuwa wamechoka mpaka mikono inawatetemeka. Tukashusha kwanza bomba la kompresa, Shangazi akampulizia hewa safi, kidogo kidogo, asimrushie mchanga machoni. Kisha tukavua zile sahani ndefu za chuma tunazotandika chini ya magurudumu tukikwama, tukazishusha zimesimama wima kushoto na kulia kwake, zikazuia kingo. Kijana mwembamba kuliko wote akashuka na ndoo. Mchanga uliotoka sasa haukurudi. Kazi iliyowashinda tangu alfajiri ikaanza kwenda.

Mchanga ulipomshuka Sora mpaka kiunoni, tukamfunga mkanda wa kitanda changu, ule mpana, chini ya makwapa, tukaufunga kwenye winchi. Hapa mtu wa haraka huua. Mchanga ulioshika miguu ukivutwa kwa nguvu hauachii miguu; unaibakisha. Lakini mkono ule wa winchi unahisi uzito mpaka wa mfuko wa unga, na Shangazi alivuta kama unavyovuta uzi kwenye sindano, analegeza, anasubiri, anavuta. Nilikuwa nimeshusha simu ya waya ili aongee na Sora moja kwa moja. Tulikuwa tunamsikia anapumua. Bado alikuwa chini sana, na kazi iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko iliyokwisha.

"Nimebakisha mbali?" Sora akauliza.

Shangazi hajui kusema karibu ikiwa si karibu. Atakwambia mita na sentimita hata kama hukuuliza. Winchi ikasimama.

"Hapo tu," akamwambia.

Naserian akanigeukia. Sikuweza kumtazama, nilikuwa na machozi.

Sora alitoka jua likiwa limeinama, kijivu mwili mzima, mguu mmoja umevunjika, hai. Qabale hakulia wala hakupiga kelele. Alimkung'uta mchanga masikioni kwa ncha ya shuka, pole pole, sikio moja kisha jingine, anamsema kwa Kigabra. Nikamuuliza kijana mmoja anasema nini. Akaniambia anamgombeza, alimkataza kuchimba baada ya mvua.

Wakati Naserian anamfunga yule bwana gango la mguu kwenye kitanda chetu, mimi nilishika ndoo na tambara nikaanza kumwosha Shangazi matope kwenye mota, kama kila siku. Nilijua inakuja.

"Fundi," akasema, kwa spika ndogo ya nyuma, ile ambayo watu wengine hawaisikii. "Ile kumi na mbili. Uliipima kwa kitu gani?"

Ningeweza kutunga kitu. Nimezaliwa Mombasa, sikosi maneno.

"Sikuipima," nikasema. "Nilikudanganya."

Nikasugua bawaba ambayo ilikuwa safi tayari. Kisha, kwa kuwa binadamu akibanwa hutafuta wa kubanwa naye, nikamwambia na yeye leo kasema uongo. Kamwambia Sora hapo tu, na haikuwa hapo.

"Sora hakuniomba kipimo," akasema Shangazi. "Aliomba moyo, nikampa. Mimi nilikuomba kipimo."

Nikakamua tambara. Mpaka leo natafuta jibu la kumpa. Nikimuuliza Naserian, yeye husema Sora yu hai, na hilo ni jibu, lakini si jibu la swali la Shangazi.

Tulilala pale, na asubuhi upepo ulikuwa umekausha upande wa kusini, ganda limekuwa gumu tena, linang'aa. Nililijaribu mwenyewe kwa nondo, hatua kwa hatua, mpaka nikaridhika. Sora alitakiwa kufika hospitali. Qabale alikuwa amesimama nje anaagana na ndugu zake kabla ya kupanda. Nikaketi kwenye usukani nikafunga mlango.

"Kusini ni kukavu," nikasema. "Tunapita."

Mota hazikuwaka. Nikasubiri. Kisha nikasikia spika ya nje, ile kubwa, ya kusikika na kila mtu.

"Mama Qabale," Shangazi akasema. "Fundi anasema kusini ni kukavu. Ni kweli?"

Watu wote wakageuka. Qabale hakujua lolote lililopita kati yetu. Akanitazama kwenye kioo, akashangaa kidogo, kisha akafanya alichoombwa. Alikwenda ukingoni, akachutama, akakandamiza chumvi kwa kiganja, akapiga hatua kadhaa mbele, akarukaruka papo hapo na shuka lake, akarudi.

"Ni kweli," akasema.

Nilikuwa nimeshika usukani nisijue pa kuweka macho. Niliumia, sitaficha. Kila boliti ya lori lile naijua kwa jina. Lakini chini ya maumivu kulikuwa na kitu kingine, na kilikuwa fahari. Hata mimi nisingekubali kumbeba mgonjwa juu ya Chalbi kwa neno la mtu kama mimi.

Qabale akapanda, akakaa kwa mumewe. Shangazi akawasha mota, akanikumbusha mkanda, akaondoka kwa neno la Qabale.